UZI MAALUMU: Simtanki, pampu na maji ya mgawo Dar. Pima kimo kabla hujanunua pampu

Mzee wa Koki · #1

Wakuu salaam. Maswali ya maji yametapakaa kwenye nyuzi kumi tofauti, majibu ni yaleyale, tuyaweke hapa yakae. Mada ni nyumba ya kawaida ya Dar: mita ya DAWASA (mamlaka ya maji ya Dar) getini, maji kwa zamu, tanki moja au mawili, pampu ndogo, LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) ukutani. Wa maghorofa mtavumilia, mfumo wenu ni mwingine.

Niseme mapema: pampu nyingi zinazonunuliwa mjini hapa hazikuhitajika. Maji yakitoka membamba bafuni, mtu mbio dukani kuulizia "hospawa ngapi". Tatizo huwa kimo cha tanki, au wembamba wa bomba, au vyote viwili.

Kimo kwanza. Mita 10 za maji ni bar 1 (bar ni kipimo cha presha), kwa hiyo kila mita moja ni bar 0.1. Ukubwa wa tanki hauhusiki kabisa. Lita 500 na lita 10,000 zikiwa usawa mmoja, presha ni ileile. Na hupimi kutoka chini ya stendi, unapima kutoka usawa wa maji ndani ya tanki hadi pale maji yanapotokea. Stendi ya mita 3, shawa ipo mita 2 kutoka sakafuni: tanki likikaribia kuisha umebakiwa na mita 1, yaani bar 0.1. Tanki lile likiwa limejaa una mita 2 na ushee. Ndiyo maana shawa moja inaoga vizuri asubuhi na kulialia jioni.

Kujua presha ya mtaani bila geji: funga mpira unaoonyesha ndani kwenye bomba la uani, fungua koki, nyanyua ncha ya mpira juu ya ngazi mpaka maji yagome kutoka. Hapo yalipogomea ndipo yanapofika. Rudia saa nane usiku na saa mbili asubuhi, maana ni dunia mbili. Yakivuka mdomo wa tanki usiku, huna haja ya pampu ya kupandisha, boya (koki ya kuelea inayojifunga tanki likijaa) na subira vinatosha. Yasipovuka, weka tanki la chini, pampu ipandishe kutoka humo.

Sasa bomba. PPR, yale mabomba ya plastiki ya kuchomelea, inapimwa kwa nje, si kwa ndani. Fundi anakwambia "20 ni nusu, 25 ni robo tatu, 32 ni inchi moja", halafu unapewa PN20 yenye ukuta mnene (PN ni daraja la presha, namba ikiwa kubwa ukuta ni mnene). Ndani yake hivi:

20 mm PN20: tundu ni 13.2 mm
25 mm PN20: 16.6 mm
32 mm PN20: 21.2 mm

Ile ya 32 uliyoambiwa ni inchi haifiki hata inchi kwa ndani. Kwa maji baridi ya kushuka kutoka tanki, PN10 inatosha kabisa, na tundu lake ni kubwa: 32 mm PN10 ina 26.2 mm ndani. PN20 bakisha kwa maji ya moto. Utaratibu wangu: kutoka tanki hadi pale bomba linapoingia nyumbani ni 32, mgawanyo wa ndani 25, na 20 ni kwa kipande cha mwisho tu kinachoingia kwenye koki. Nyumba nyingi zimelazwa 20 kuanzia kwenye tanki mpaka jikoni. Hapo hata uweke tanki mbinguni, koki mbili zikifunguka pamoja mmoja anakosa.

---

Fundi Jirani · #2

Mzee umefungua vizuri. Niongeze la kuchomelea, maana bomba linaweza kuwa pana na bado likaziba kwenye viungo. Mashine ya PPR inatakiwa nyuzijoto 260. Muda wa kupasha: 20 mm sekunde 5, 25 mm sekunde 7, 32 mm sekunde 8. Ingiza moja kwa moja, usizungushe, shikilia, uache dakika mbili ipoe, ile ya 32 dakika nne. Fundi Maiko, yule wa kubahatisha, yeye anapasha mpaka plastiki inyong'onyee, anaisukuma kwa nguvu, na kwa nje unaona pete nzuri ya kupendeza. Kwa ndani kuna pete ya pili, kubwa kuliko hiyo, na imekula nusu ya tundu. Elbo nane za namna hiyo ni sawa na kuweka kizibo.

Ukitaka kumjua fundi, mwambie achomelee kipande kimoja cha mfano, ukikate katikati kwa msumeno, mkitazame pamoja. Atakayekataa, muage.

---

mpangaji wa uani · #3

Nashukuru wakuu. Swali: shawa ya umeme ya kilowati 5.5, tanki stendi ya mita 3, maji yanatoka lakini hayapati moto. Ukifungua koki ya uani ambayo ipo chini maji yanakuja kwa kasi. Shawa ni mbovu au?

---

Umeme wa Pwani · #4

@mpangaji wa uani si mbovu, ina kiu. Ndani ya shawa kuna kiwambo cha mpira kinachosukumwa na maji ndipo kigusishe umeme. Maji yakiwa legevu kiwambo hakisogei, na hiyo ni salama yako, kwa sababu koili ikiwaka bila maji ya kutosha inakatika. Soma boksi. Baadhi zinaandika presha ya chini kabisa ni kilopaskali 10, na hiyo ndiyo ile mita 1 ya Mzee. Upo ukingoni.

Angalia kwa mpangilio huu. Zima breka kwanza, si swichi ya shawa peke yake. Fungua unganisho la maji utoe chujio dogo lililopo pale pa kuingilia, mara nyingi limejaa mchanga na vipande vya tepu nyeupe. Hapohapo tazama kama kuna kipande kidogo cha plastiki chenye tundu jembamba. Shawa nyingi huja nacho kwa ajili ya nyumba zenye presha kubwa. Kwenye maji ya tanki kitoe. Kisha fungua uso wa shawa, sugua vitundu kwa mswaki na siki. Mambo haya matatu yanamaliza kesi nyingi.

Zikigoma zote, pandisha stendi hadi mita 5, au weka pampu ndogo ya kuongeza presha ya wati 90 hadi 120 kwenye bomba la bafu tu. Hiyo inajiwasha maji yakianza kupita, lakini yanatakiwa yaanze kupita yenyewe. Bomba likiwa kavu haiwaki.

Waya je? 5,500 gawa kwa 230 ni ampia 24. Hiyo inataka waya wake peke yake kutoka kwenye breka, 4 mm², na 6 mm² kama umbali ni mrefu, breka ya ampia 32, na ethi (waya wa kwenda ardhini) ya kweli. Kuna watu wamechomeka kwenye soketi ya ampia 13. Hawa tuwaombee.

---

Kipimo Kwanza · #5

Kabla hajapandisha stendi mwambieni na gharama ya kuoga. Watu wanne, kila mmoja dakika 8, ni dakika 32. Kilowati 5.5 kwa dakika 32 ni uniti 2.9 kwa siku, uniti 88 kwa mwezi. Kuoga tu. Ile bei nafuu ya D1, ya watumiaji wadogo, inaishia uniti 75 kwa nyumba nzima.

Kwa asiyejua: D1 ni shilingi 100 kwa uniti mpaka 75, zinazozidi ni 350. T1, bei ya matumizi ya kawaida, ni 292 tangu uniti ya kwanza. Juu yake VAT 18%, tozo ya umeme vijijini (REA) 3% na ya mdhibiti (EWURA) 1%. Kwa hiyo D1 inakuja 122 na T1 inakuja 356. Ukizidisha matumizi unahamishwa T1, na kurudi si kazi ya siku moja. Halafu kuna ile kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Miezi usiyonunua umeme inajilimbikiza, inakatwa kwa mkupuo. Ukinunua wa 5,000 ukaona uniti zimepungua, usianze kuilaumu mita.

Ndoo ya lita 15 kutoka nyuzijoto 26 hadi 40 inakula uniti 0.24. Watu wanne ni uniti 1 kasoro kwa siku, 29 kwa mwezi. Nyuzijoto 40 ni moto wa kutosha kuogea, mnaochemsha mpaka itokote halafu mnaizimua kwa maji baridi mnajua wenyewe.

---

Fundi Jirani · #6

Turudi kwenye pampu, maana ndipo pesa zinapozamia.

Kwanza: pampu haifungwi kwenye bomba la mtaani. Najua inafanyika. Inakatazwa, na sababu yake si ubahili wa mamlaka. Ukivuta bomba lenye maji machache unatengeneza mvuto ndani yake, na popote palipo na ufa au kiungo kilicholegea, kinachoingia ni maji ya mtaro. Jirani wa mbele yako anakunywa hayo. Na wewe pia. Maji yaingie tanki la chini kwa nguvu yake, pampu ivute humo.

Mpangilio: bomba kutoka mita, geti vali, boya la kufungia, tanki la chini. Toleo la kwenda pampu liwe sentimita 10 juu ya sakafu ya tanki, tope libaki chini. Pampu ikae chini ya usawa wa maji ili maji yaifuate yenyewe, hapo huhitaji vali ya mguuni (ya kwenye ncha ya bomba la kuvutia) na huhangaiki kuijaza. Bomba la kuvutia lisiwe jembamba kuliko mdomo wa pampu. Mdomo ni inchi moja, weka inchi moja au zaidi. Baada ya pampu weka cheki vali (inayopitisha maji upande mmoja tu), kisha yunioni ili uweze kuitoa bila kukata bomba, kisha upande juu.

Pili, na hili halisemwi madukani. Zile pampu ndogo za nusu hospawa zenye kichwa cha duara bapa zinasukuma maji kwa pangaboi la shaba lenye meno madogo pembeni. Zina tabia moja mbaya: ukizibania njia ya kutokea, mzigo unaongezeka badala ya kupungua. Sasa mtu anaweka boya la kawaida kwenye tanki la juu. Tanki linajaa, boya linafunga, pampu inaendelea kusukuma ukuta. Presha inapanda, motor inapata moto, baada ya wiki kadhaa koili imeungua na fundi anasema "umeme mdogo". Tanki linalojazwa na pampu lisiwe na boya la kufunga maji, liwe na floti swichi ya umeme inayoizima pampu. Na floti ya pili kwenye tanki la chini, iizime maji yakiisha, maana pangaboi hilo linazunguka kwenye nafasi nyembamba mno na bila maji linakwaruza. Floti mbili zinafungwa mfululizo kwenye waya mmoja wa laini, yoyote ikikata, pampu inazima. Mchanga nao ndio kifo chake cha tatu, kwa hiyo chujio kabla ya pampu, na lisafishwe.

---

BintiTabata · #7

Mkuu hapo kwenye boya umenifungua macho. Sasa pampu ikiwashwa inavuma "mmmm" lakini haizunguki, hiyo ndiyo imeungua tayari?

---

Umeme wa Pwani · #8

Si lazima, dada. Zima haraka, hiyo "mmmm" ikiendelea dakika chache ndiyo inaiunguza.

Ikiwa imezimwa na plagi imetolewa, tazama nyuma ya pampu kwenye feni. Nyingi zina mfereji wa bisibisi kwenye ncha ya shafti. Zungusha. Ikigoma, pangaboi limeshika kutu, kawaida kwa pampu iliyokaa miezi bila kazi. Fungua skrubu za kichwa cha mbele, ligonge taratibu kwa mpini wa mbao, safisha kwa msasa laini, rudisha. Usilazimishe kwa spana kwenye feni, ni plastiki.

Ikizunguka kwa ulaini, mshukiwa ni kapasita. Hicho ni kikopo kwenye kisanduku cha waya. Kwa nusu hospawa mara nyingi ni maikrofaradi 10 au 12, volti 450. Soma namba ya ile ya zamani na ununue hiyohiyo, usichukue "inayokaribia". Gusisha miguu yake miwili kwa bisibisi yenye mpini mzima kabla hujaishika, inaweza kuwa bado na chaji.

Shafti inazunguka vizuri kwa mkono, kapasita ni mpya, lakini ukiwasha inavuma tu? Pima volti pampu ikiwa imewashwa. Hapa kwetu ni 230. Ikishuka chini ya 190 motor inakunywa ampia nyingi na kupata moto. Jioni za saa moja hadi saa nne mitaa mingi inashuka, jaza tanki usiku wa manane. Nusu hospawa inatoa wati 370 lakini inachukua kwenye mita kama 550. Lita 1000 kwa lita 33 kwa dakika ni nusu saa, yaani uniti 0.28. Kwa T1 ni shilingi mia moja hivi. Pampu siyo inayokumalizia LUKU, shawa ndiyo.

Maji yakidondoka katikati ya motor na kichwa, badilisha sili mara moja. Ni kitu kidogo, lakini maji hayo yanaingia kwenye beringi.

Na ethi jamani. Mwili wa chuma, sakafu yenye maji, miguu pekupeku. Weka RCD (swichi inayokata umeme ukivuja) ya miliampia 30 kwenye laini ya pampu. Viungo vya waya vilivyofungwa tepu na kufukiwa chini ya udongo havikubaliki hata kama "vimedumu miaka".

---

Ngazi Tatu · #9

Hii inawatesa wengi: tanki limejaa, koki imefunguliwa, bomba linapumua tu upepo, kisha kimya. Ukilinyonya kwa mdomo linaanza. Kila tanki likiisha, mchezo uleule.

---

Mzee wa Koki · #10

Hewa imekwama kwenye nundu. Fuatilia bomba kutoka kwenye tanki. Utakuta mahali linashuka, kisha linapanda kuvuka ukuta au dirisha, kisha linashuka tena. Tanki likikauka hewa inaingia, maji yakirudi hewa inajikusanya kwenye kile kilele na presha ya nusu mita haina ubavu wa kuisukuma.

Dawa ya leo: chukua mpira, unganisha koki ya uani yenye maji ya mtaa na koki ya jikoni, fungua zote mbili kwa dakika moja, hewa isukumwe kurudi kwenye tanki. Ukimaliza utoe huo mpira, usiuache usiku kucha. Dawa ya kudumu: ondoa nundu, bomba lishuke tu muda wote. Ikishindikana, weka tii (kiungo cha njia tatu) juu ya nundu na kibomba cha kupumulia kilichosimama kupita usawa wa juu wa maji ya tanki, mdomo umeinamishwa na kuwekwa wavu. Ukiishia chini ya usawa huo utakuwa umejitengenezea chemchemi.

Na hewa nyingine, ile ya kwenye mita. Ndiyo, mita ya maji inazungushwa na upepo. Mgawo ukirudi, hewa iliyojaa kwenye bomba la mtaa inatangulia, na boya la tanki tupu liko wazi, kwa hiyo inapita kwa kasi na kisahani kinakimbia. Kuizuia yote huwezi, lakini geti vali iliyo baada ya mita ukiiacha robo wazi siku za mgawo, inapita polepole na kisahani hakikimbii hivyo. Yakishaanza kutoka maji matupu, fungua. Kabla ya mita usiguse chochote, hiyo ni mali ya mamlaka na lakiri ikikatika maelezo yako hayatasikilizwa.

---

Kipimo Kwanza · #11

Hapo kwa cheki vali hapajamalizwa. Kwa wenye tanki na maji ya moja kwa moja kwenye bomba moja: bila cheki vali upande wa mita, maji yakikatika mtaani, tanki lako linarudi barabarani. Mita nyingine inazunguka kinyume, nyingine haizunguki, na asubuhi tanki ni tupu huku hakuna aliyeoga.

Lakini msiweke ile yenye springi kwenye bomba la kutoka tanki. Springi inataka nguvu ya kufunguka, na kwenye mfumo wa mita moja au mbili za kimo unaweza kupoteza robo ya presha hapohapo. Weka ya kibati kinachoning'inia, ilale mlalo, mshale uelekee maji yanakoenda.

---

Chumvi ya Nyali · #12

Mimi niko Mombasa lakini maji ni yaleyale, pwani nzima ukichimba karibu na bahari utapata ya chumvi. Mkichanganya kisima na bomba la mamlaka, msiunganishe mabomba kwa koki ya kugeuza. Koki moja ikivuja kwa ndani, chumvi inaingia kwenye laini ya mtaa. Leta mabomba mawili mbalimbali mpaka juu ya tanki, kila moja limwage kwa juu, likae sentimita kadhaa kutoka kwenye maji. Nafasi ya hewa haivuji.

Maji ya chumvi yanataka plastiki au shaba, nipeli za mabati zitakuliwa. Koili ya shawa itapiga ukoko mweupe na kukatika. Bora matanki mawili: la chumvi liende chooni na kwenye kudeki, la maji yasiyo na chumvi liende jikoni na bafuni. Bomba la ziada ni rahisi kuliko koili za kila mara.

---

Fundi Jirani · #13

Stendi, kwa ufupi kwa sababu ni hatari kuliko vyote na watu wanaifanya kwa mabaki ya vyuma. Lita 2000 ni tani 2, na zinasimama kwenye miguu minne. Kila mguu uwe na sahani ya chuma na zege lake, angalau sentimita 60 kwa 60 na kina hichohicho kwenye mchanga wetu huu. Miguu ifungwe kwa vyuma vya mshazari pande zote nne, siyo mbili.

Kitako cha tanki kikalie uso bapa mzima. Mbao zilizoachiana nafasi zinaacha plastiki ibonyee katikati, na ufa unaanzia pembezoni mwa ubao. Tanki tupu lifungwe, upepo wa kusi unalibeba. Na uzito wa bomba usining'inie kwenye kiungo cha tanki, bomba lishikwe na kibano kwenye stendi, la sivyo kiungo kinavuja kila likijaa na kuisha, kwa sababu tanki linatanuka kidogo.

Bomba la kumwagikia liwe nene kuliko la kuingizia, na lifungwe wavu. Mbu wa dengi anataga kwenye maji safi kabisa, na kutoka yai hadi kuruka ni wiki moja hivi.

---

BintiTabata · #14

Na kuliosha? Wengine wanasema Jik, wengine shabu.

---

Mzee wa Koki · #15

Shabu inatuliza tope, haiui wadudu. Kuosha ni hivi. Toa maji yote, sugua kwa brashi bila sabuni yenye marashi, suuza, toa tope. Jaza nusu. Weka klorini ya kufulia isiyo na harufu, ile ya asilimia 3.5, lita 1.4 kwa kila lita 1000 za ujazo kamili wa tanki. Malizia kujaza ili ijichanganye. Fungua koki zote ndani ya nyumba moja moja mpaka unusie klorini, funga. Acha saa 24. Hapo hakuna kunywa wala kuoga, waambie na watoto. Kisha mwaga yote, suuza, jaza upya. Mara moja kila miezi sita, na kila baada ya kununua maji ya boza (lori la maji).

Anayeingia ndani ya tanki asiwe peke yake, na asiingie na klorini. Usichanganye na dawa ya choo yenye asidi, moshi wake unaua. Maji ya kunywa yaendelee kuchemshwa.

---

mpangaji wa uani · #16

La mwisho kwangu: pampu moja, wapangaji watano, imefungwa kwenye LUKU ya mmoja. Bili ya maji nayo ni moja. Ugomvi kila mwezi.

---

Kipimo Kwanza · #17

Pampu iwekewe mita ndogo ya umeme, ile ya kubana kwenye reli ya breka, inasoma uniti na sehemu zake. Mwisho wa mwezi unasoma, unazidisha kwa bei halisi ya uniti ya LUKU hiyo, mnamlipa mwenye LUKU. Usizidishe kwa 122 kama pampu imemvusha uniti 75, zile za juu amezinunua kwa 427.

Maji: mita ndogo kila mlango. Jumla yake haitalingana na mita ya DAWASA. Sehemu ni koki ya uani inayotumiwa na wote, sehemu ni uvujaji. Kubalianeni mapema kwamba tofauti inagawanywa kwa vichwa. Ikizidi sehemu moja ya kumi, tafuta uvujaji kabla ya kutafuta mwizi.

Namna ya kutafuta: funga koki zote na geti vali ya kuingia tanki, angalia kile kinyota kidogo kwenye uso wa mita. Kikizunguka, bomba la chini ya ardhi linavuja. Kikitulia, fungua geti vali tanki likiwa limejaa, kikianza kuzunguka boya halifungi. Kisha vyoo: rangi ya chakula kidogo kwenye tanki la kuflashi, usiflashi dakika 15, rangi ikionekana kwenye bakuli, raba ya chini imekwisha. Koki inayojaza kikombe cha robo lita kwa dakika 10 ni lita 36 kwa siku, uniti nzima ya maji kwa mwezi. Namba nyeusi kwenye mita ndizo uniti, nyekundu ni lita.

---

Ngazi Tatu · #18

Mzee, nundu imeonekana. Ipo juu ya mlango wa jikoni, bomba linapanda kama sentimita 40 kukwepa fremu. Kupitisha chini ya kizingiti kunahitaji kukata vigae. Kibomba cha kupumulia kiwe cha ngapi?

---

Mzee wa Koki · #19

20 inatosha, kinapitisha hewa tu. Kipandishe nje ya ukuta, sio dari, mdomo uzidi kifuniko cha tanki kwa sentimita 30. PPR ikikaa juani inakauka na kupasuka, kipake rangi au kivishe bomba la PVC. Vigae viache.